Mgeni wa Akiba

Jioni ile nilikwenda kununua gundi. Gundi tu, hakuna kingine. Ningejua kilichokuwa kinanisubiri nyumbani, ningekaa pale kwa muuza duka mpaka anifukuze na ufagio.

Sisi tunatengeneza kete za sataranji. Mume wangu anazikereza kwenye mashine, mimi nazipaka vanishi, kisha nabandika kitambaa laini cha kijani chini ya kila moja. Kitambaa hicho watu hawakijali. Lakini kete isiyo nacho hugonga ubao kila ikiwekwa: ko! Yenye kitambaa hukaa kimya, hata usijue imefika saa ngapi. Kwa hiyo ukiniuliza kazi yangu, nitakwambia ni kunyamazisha kete.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Akiba, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwagiza mguu mmoja wa kiti, anakereza miwili. Ukimwagiza farasi wa sataranji, anamchongea na mwenzake wa kukaa rafuni. "Akiba haiozi," ndiyo sala yake asubuhi na jioni. Siku ya harusi yetu alikuja na pete mbili za kunivisha, eti moja ikidondoka je? Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, hucheka mpaka leo akisema anamshukuru Mungu mwanawe hakuja na bibi harusi wa akiba.

Basi nikarudi na gundi yangu, jua linazama. Karakana yetu iko ng'ambo ya ua, inatazamana na mlango wa jikoni. Nilimsikia mume wangu anacheka na mtu. Nikaingia.

Mteja alikuwa amekalia kigoda changu.

Mwanamume wa makamo, nadhifu, shati limefungwa vifungo mpaka kooni. Amepakata sanduku la mbao. Na alinukia... nikajiuliza, nini hiki? Kabati. Alinukia kabati la nguo za mtu aliyekwisha kufa.

"Karibu, shemeji," akasema. Ananikaribisha ndani ya karakana yangu mwenyewe, tena kwenye kigoda changu hainuki!

"Njoo usikie maajabu," mume wangu akaniita huku akipuliza vumbi kwenye patasi. Hiyo ni tabia yake nyingine. Hashiki kitu kabla hajakipuliza: pfuu! Patasi, msasa, hata kikombe cha chai. "Huyu bwana anataka sataranji isiyo na mfalme."

"Sasa mtu anashindaje?" nikauliza.

"Hashindi," mteja akajibu. Alisema kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi tusogee. "Mfalme akinaswa mchezo umekwisha. Mimi sipendi mchezo uishe."

Akatueleza kete anazozitaka. Wa kwanza Kipofu. Huyo huenda mbele moja kwa moja, na hula yeyote anayemkuta njiani, awe adui, awe wa upande wake. Wa pili Mchimba Kaburi, asiyeweza kukanyaga popote ila pale ambapo mwenzake ameliwa. Na wa tatu Mgeni.

"Mgeni haanzi ubaoni," akasema. "Husubiri nje. Kete yoyote ikiinuka ikaacha nafasi yake wazi, Mgeni anaweza kuingia pale. Aliyeinuka huhesabiwa ameliwa. Na Mgeni tangu hapo huenda kama alivyokuwa akienda yule... wenzake hawamjui."

"Kumbe ni mjomba wangu!" mume wangu akasema. "Alikuja kwetu kutusalimia, nikainuka kumchotea maji, nikarudi nikakuta ameshalala kitandani kwangu. Aliondoka baada ya mwaka."

Nilicheka. Mteja hakucheka.

"Na hao walioliwa wanakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Wanaingia humu." Akalipapasa lile sanduku taratibu, kwa kiganja. "Fundi, Mgeni awe mmoja. Jina lako nimelisikia huko nje. Wa akiba usimfanye."

"Mteja akisema, fundi nani abishe?" mume wangu akajibu.

Lakini mimi ninayemjua nililiona jicho lake. Lilikuwa limeshakwenda kwenye gogo, linapima.

*

Kazi ilikwenda vizuri. Mgeni alitoka mtu aliyesimama wima na kifurushi mkononi, uso laini kama yai, maana mteja alikataza macho na mdomo. Nikampaka vanishi, nikambandika kitambaa, nikamweka kwa wenzake. Nilipogeuka rafuni kutafuta brashi, nikamwona tena.

Mwingine. Mbichi, hana vanishi, hana kitambaa.

"Wewe," nikamwita mume wangu. "Si alikukataza?"

"Aliyekataza hajui mbao. Angalia kiuno cha hiyo kete kilivyo chembamba. Ikianguka imekatika. Atarudi hapa analia, mimi namtolea mwenzake hapo hapo. Atanibusu mikono!"

"Basi lete niiwekee kitambaa."

"Iache. Siku ikihitajika utaiwekea." Akaipuliza, pfuu, akaisukuma nyuma ya kopo la vanishi. "Akiba haiozi, mke wangu."

Mteja akaja kuchukua mzigo wake, jioni tena. Katika kazi yetu kete mpya hazitoki karakana kabla fundi na mnunuzi hawajacheza kidogo. Ndivyo tunavyohakikisha kwamba zinasimama sawa, hazipepesuki. Wakakaa, nikawawashia taa, nikasimama nyuma ya mume wangu nitazame.

Mwanzoni ulikuwa mchezo tu. Mume wangu anaijua sataranji, hakuwa na papara. Kisha akasogeza mnara wake, mteja akamtia Mgeni pale pale ulipotoka. Akauinua ule mnara, akafungua sanduku kidogo, akautumbukiza.

Sikusikia ukigonga chini. Nilisubiri. Sanduku lenyewe dogo, unaweza kulibeba kwapani... na mnara haukufika chini.

Mteja akamshika Mgeni, akampeleka puani. Akamnusa.

"Gogo hili limetoa wawili," akasema.

"Mmoja," mume wangu akasema haraka.

"Fundi. Yuko mwingine?"

Nilimfinya mume wangu begani. "Mwambie," nikamnong'oneza. Unafikiri alisikia? Mwanamume na ubishi wake! Alicheka, akasema mwingine atoke wapi, wakati mwenye kazi amesema mmoja.

"Haya," mteja akasema. "Umesema wewe."

Akakusanya kete zake bila haraka. Alipofika mlangoni akatazama ng'ambo ya ua, pale jikoni, ambapo mama mkwe alikuwa amekaa anapepeta mchele kwa kupapasa, maana macho yake yana ukungu.

"Mgeni mwenye ubao hukaa ubaoni," akasema. "Asiye na ubao... Nyumbani mko wangapi?"

"Watatu," mume wangu akajibu.

"Watatu." Alirudia polepole huku akitutazama mmoja mmoja, na mimi macho yale yaliponifikia nilitamani kujifunika kitu.

*

Tulikaa kula, sisi watatu. Mume wangu alikuwa amefurahi, anamsimulia mama yake habari za sataranji ya vichaa. Katikati ya tonge akanyamaza, akatega sikio.

Vuuuu...

"Nimeiacha mashine inazunguka?" akasema. "Hebu nikaizime."

"Maliza kula kwanza," nikamwambia.

"Itaunguza mota. Nakuja sasa hivi."

Akainuka.

Nilikiona kiti chake kikibaki kitupu. Nilitaka kusema neno, sikujua neno gani. Nilimwona anavuka ua na ndala zake, zile kuukuu alizozifunga kwa waya, na taa ya karakana ikamwangaza mgongoni. Akaingia.

Kitambo kidogo.

Kisha nyayo zikarudi.

Ko... ko... ko...

Mkono wangu ulikwama njiani kuelekea mdomoni. Ndala ni mpira. Ndala hazigongi.

Ko... ko...

Akaingia, akakaa kwenye kiti chake. Mume wangu. Kovu lake la kidole, shati lake, jasho lake shingoni. Akanitazama, akatabasamu kidogo.

"Umeizima?" nikamuuliza.

"Nimeizima."

Na mimi nilikuwa bado naisikia. Vuuuu... kutoka ng'ambo ya ua.

"Baba," mama mkwe akamwita mwanawe, "umenunua viatu vipya? Vinagonga."

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Zile ndala zilikuwa aibu."

Nikachungulia chini ya meza. Alikuwa na ndala zile zile za waya. Akanyoosha mkono kwenye kikombe cha maji, akakiinua, akanywa.

Hakukipuliza.

Ndipo harufu ikanifikia. Mbao mbichi. Harufu ya gogo lililotoka kupasuliwa, lenye utomvu bado. Ilitoka kinywani kwake.

"Nakwenda kufunga karakana," nikasema. Nilisimama huku nimekishikilia kiti changu kwa mkono mmoja, kama mtu anayeogopa kitaibiwa, kisha nikakiachia nikakimbia.

Mashine ilikuwa inazunguka peke yake. Patasi imelala juu ya egemeo lake, nikaigusa, ya moto. Sakafuni maranda yalikuwa yametandaa, na juu ya maranda nyayo za ndala, zinaingia, zinafika mbele ya mashine.

Hazitoki.

Nikasogeza kopo la vanishi. Nyuma yake palikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi duara safi, upana wa kitako cha kete. Juu ya duara hapakuwa na kitu.

Niliita jina lake. Jina lake la kweli, nisilolitumia mbele za watu. Kutoka jikoni sauti yake ikaitika, "Naam!"

Nilikaa chini kwenye maranda nikalia.

*

Kesho yake nilimsaka mteja. Nilimpata jioni barazani kwa kinyozi, ambapo watu huchezea sataranji. Kinyozi alikuwa anafunga milango, wachezaji wameondoka. Mteja alikuwa amekaa peke yake na ubao wake, anacheza upande huu, anageuza, anacheza upande ule.

"Nirudishie mume wangu," nikamwambia.

"Mimi nilikataza, shemeji." Alisema bila hasira, hata nilihisi ananionea huruma. "Sikumtuma mtu. Fundi amemchonga mwenyewe, akamnyima ubao, akamnyima hata kitambaa. Ulitaka afanye nini? Naye anatafuta pa kukaa."

"Wewe ni nani?"

"Mchezaji." Akasogeza Kipofu wake mbele. "Nilianza zamani, na mtu mwingine. Alikuwa amekaa hapo ulipo."

Sikuthubutu kuuliza mtu huyo yuko wapi. Sanduku lilikuwa juu ya benchi, kati yetu. Nikainama karibu. Kimya... kimya... halafu, kwa mbali sana, chini sana kuliko kina cha sanduku lile:

Pfuu.

Mtu anapuliza vumbi.

"Ni yeye!" Nilivamia kifuniko kwa kucha. Hakifunguki. Hakikuwa hata na ufa wa kuingiza ukucha.

"Walioliwa hutoka mchezo ukiisha," mteja akasema.

"Unaisha lini?"

Akageuza ubao. "Shemeji. Si uliambiwa siku ya kwanza? Mchezo huu hauna mfalme."

Niliomba. Nilipiga magoti kwenye nywele za watu zilizofagiwa pale sakafuni. Nikamuuliza, je, nikimchoma yule aliye nyumbani? Ni mbao, ataungua.

"Ataungua. Na nafasi itakuwa wazi." Akamgonga yule Mgeni wake kichwani kwa kidole, taratibu. "Mimi ninaye huyu hapa, hana kazi."

*

Nikarudi nyumbani. Ningekwenda wapi? Mama mkwe nilimwambia wazi: huyu si mwanao. Alinishika uso kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nimemzaa mimi. Na nikwambie ukweli? Hajawahi kuwa mtoto mwema kama siku hizi. Ananikalia jioni nzima, ananisikiliza, habishi. Wewe mumeo ametulia unalalamika?"

Ni kweli habishi. Majirani wanamsifu. Kazi anafanya vizuri, kete zinatoka laini kuliko zamani, na mguu wa kiti ukiagizwa mmoja anakereza mmoja. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa lolote. Nilikuwa namtaka yule msumbufu wangu wa pete mbili. Nilikuwa nikishika kikombe nakipuliza mimi, kwa niaba yake, nikisikia uchungu kifuani kama nimekula kaa la moto.

Ningestahimili yote. Ila mlio. Anakwenda uani, ko, ko. Anazunguka kitanda, ko, ko, ko. Kila hatua inanikumbusha aliyemo ndani ya lile sanduku, na kwamba mimi nimekaa hapa namsikiliza aliyekalia kiti chake. Mtu anaweza kuzoea kila kitu, lakini nani azoee kukumbushwa?

Siku moja jioni nilichukua gundi na kitambaa, nikamwambia akae. Akakaa. Nikamwambia avue ndala. Akavua, akaninyooshea miguu yake, kama mtu aliyekuwa akisubiri siku hiyo.

Nyayo zake zilikuwa tambarare. Hakuna kisigino, hakuna mistari ya ngozi. Kuna miduara, mmoja ndani ya mwingine, kama ya mti uliokatwa.

Nikapaka gundi. Nikabandika kitambaa cha kijani, mguu huu na ule, nikakata kingo vizuri kwa mkasi. Kazi yangu naijua.

Alisimama, akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kimya. Akainama sikioni kwangu. Harufu ya utomvu.

"Asante, shemeji," akanong'ona.

Kwa sauti ya mume wangu.

*

Leo jua lilipoanza kuinama nimesikia mashine. Hatuna oda yoyote. Nikaja karakana, nikakaa kwenye kigoda changu, nikamtazama. Anakereza kete yenye kiuno chembamba. Mtu wima, kifurushi mkononi, uso laini.

"Ya nani hiyo?" nikamuuliza.

"Ya akiba."

Akaizima mashine, akaniletea, akaniwekea mapajani. Nikageuza macho rafuni. Kopo la vanishi limesogezwa. Nyuma yake, katika vumbi, kuna duara la pili, jipya. Na juu ya meza yangu, kitambaa changu cha kijani kimekatwa kipande, duara vilevile, na chupa ya gundi iko wazi.

Alishachonga mwingine kabla ya huyu. Tena amembandika kitambaa mwenyewe.

"Mama!" nikapiga kelele kuelekea jikoni. "Mama, usiinuke! Kaa hapo hapo, nakuja!"

Sauti yake ikanijibu, ya upole, kutoka ng'ambo ya ua:

"Usijisumbue, shemeji. Nimeshainuka."

Mama mkwe huyu hajainuka bila kushikwa mkono tangu macho yalipoanza kumwishia. Kisha nikamwona kwenye mlango wa jikoni, amesimama wima, ananitazama moja kwa moja. Alikuja mpaka katikati ya ua. Sikusikia hatua hata moja.

Tangu hapo sijatoka kwenye kigoda. Mgongo unawaka, miguu imekufa ganzi. Wao wawili wamesimama pale mlangoni, hawana haraka, na hawanigusi.

"Gundi imekwisha, shemeji," anasema aliye na sauti ya mume wangu. "Duka halijafungwa. Nenda kanunue."

Kete iko mapajani kwangu. Sijaiwekea kitambaa, na sitaiwekea. Ikiingia ndani nataka igonge, kila hatua, usiku na mchana, mtu asikie ajue kwamba aliyeketi pale si mimi. Lakini nikiwatazama hawa wawili najiuliza ni nani atakayesikia.

Jua linazama. Naona miguu yangu inataka kuinuka.